Uwanja wa Kamba za Nguo

Jumapili moja mwezi uliopita kaka yangu alinipigia simu kutoka Amerika, na kabla hata hatujaulizana hali vizuri akaniambia mwanawe ameacha mpira.

"Ameacha vipi?" nikamuuliza. "Si huyo aliyekuwa akilala na jezi?"

"Ndiye huyo huyo. Ameivua, ameikunja, akaniletea mkononi. 'Baba, nimechoka.'" Kaka akacheka kile kicheko chake cha kufunika jambo. "Na si yeye peke yake, dada. Timu nzima inayeyuka. Kila wikendi ni safari. Twaamka alfajiri, twaendesha gari mpaka jimbo jingine, twalala hotelini, mtoto anacheza dakika chache, halafu njia nzima ya kurudi wazazi wananuniana. Na wale majirani zetu wanaofanya kazi wikendi, watoto wao hawakuanza kabisa. Nani atawapeleka?"

Hata mimi nilikuwa na langu. Binti yangu ana miaka tisa. Tunakaa Hounslow, London, jirani na uwanja wa ndege; ndege zinapita juu ya paa letu kama basi, na kila Jumamosi nilikuwa nikimpeleka kwenye klabu moja yenye nyasi nzuri na makocha wenye filimbi shingoni. Wakati wa masika kocha mmoja, kijana mpole sana, aliniita pembeni akanieleza kwamba kiwango cha mtoto wangu hakijafika, na wangependa kumhamishia kundi la pili. Miaka tisa! Mimi nikiwa na miaka tisa kiwango changu kilikuwa kufunga kamba za viatu bila kusaidiwa. Baada ya hapo binti akaenda mara mbili tatu, kisha akaniomba asiende tena. Nilimuuliza kwa Kiswahili kimemsibu nini. Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba akicheza anajiona kama yuko kwenye mtihani na kila mtu anachungulia karatasi yake.

"Wakumbuka sisi?" kaka akaniuliza kwenye simu. Basi hapo tukacheka, tukacheka mpaka mkewe akaja kuuliza kuna nini.

Nilipokata simu nikamwambia binti avae koti. "Twende wapi?" akauliza. Nikamwambia nataka kumwonyesha mahali nilipochezea mpira.

Rafiki yangu, kama hujawahi kurudi mahali ulipokulia, nakwambia jambo la kwanza linalokushangaza ni udogo. Tulibadilisha treni Waterloo, tukashuka Lewisham, tukakata kupitia soko ambako bado wanauza ndizi za kupika na mihogo, na wauzaji bado wanapiga kelele ile ile ya bakuli la matunda kwa pauni moja. Nyuma kidogo kuna majengo yetu ya kaunsili, nyumba za kupanga za halmashauri, matofali mekundu, gorofa nne, yamezunguka ua wa saruji. Ua ule nilikuwa nikiuona kama jangwa. Sasa nikaona kwamba mtu mzima anaweza kutupa jiwe kutoka ukuta hadi ukuta bila kunyoosha mkono sana. Hapakuwa na mtoto hata mmoja. Palikuwa na magari yameegeshwa kwa mistari, na bustani ndogo ya changarawe.

"Mlicheza hapa?" binti akauliza, akitafuta goli kwa macho.

Nikamkalisha ukutani, nikamweleza. Nami nakueleza wewe vilevile.

Mimi na kaka tuliletwa Lewisham tukiwa wadogo, kutoka Mombasa, kumfuata mama ambaye alikuwa muuguzi wa zamu za usiku. Bibi, mzaa mama, alikuja nasi ili awe anatulinda mama akiwa kazini au amelala. Maskini bibi. Alikuwa mwanamke wa barazani, wa kusalimia kila apitaye, na sasa amewekwa gorofa ya nne kwenye nyumba ambayo milango yote imefungwa. Hakujua Kiingereza. Asubuhi alikuwa akifungua mlango, anasimama kwenye ujia amejitanda leso zake mbili, anasubiri mtu apite amsalimie. Watu wakipita haraka. Akirudi ndani anaanza kukanda unga.

Ndiyo maana utoto wangu wa London unanukia iliki. Mahamri kila siku, mbaazi za tui la kopo ambalo bibi alilitukana kila alipolifungua, na chai ya tangawizi ya kukuunguza koo. Harufu ilishuka ngazi mpaka chini, na wakazi wa humo wakawa wanainua pua wakipita.

Uani palikuwa na nguzo za chuma za kuanikia nguo, nne, na kamba katikati yake. Kwa watoto wa pale, nguzo mbili za upande huu zilikuwa goli moja, na mbili za upande ule goli jingine. Palikuwa pia na bango la chuma ukutani lililoandikwa kwamba ni marufuku kucheza mpira. Bibi alipouliza lasema nini, kaka alimjibu, "Lasema watoto wacheze kwa adabu." Bibi akaridhika. Akasema Waingereza ni watu wenye maana.

Sisi hatukucheza mwanzoni. Mimi hasa nilikuwa bubu. Kiingereza kilikuwa kikinijia masikioni lakini hakitoki mdomoni. Nilikaa ngazini nikiwatazama. Kulikuwa na mvulana wa Kipolandi mwenye masikio mekundu, mapacha wa Kivietinamu waliopasiana bila kuangaliana, na msichana mmoja Mkongo, mkubwa kwangu kidogo, ambaye mguu wake wa kushoto ulikuwa balaa. Walikuwa na wenzao wengine wa kuja na kuondoka, lakini hao ndio walikuwa uti wa mgongo.

Siku moja ya kiangazi bibi alianika leso zake, zile nzuri za kutokea, kwenye kamba za goli la upande wa lango. Msichana Mkongo akapiga shuti. Mpira uliokuwa umetoka dimbwini ukatua katikati ya leso nyeupe na nyekundu, pwaa, ukaacha doa duara kama sahani.

Bibi aliliona kutoka juu. Alishuka ngazi za gorofa nne zile nikidhani ataanguka. Alifika uani akiwa anahema, akaunyakua mpira, akaukumbatia.

"Nani?" akauliza kwa Kiswahili. "Nani aliyenichafulia leso yangu?"

Watoto wote wakaganda. Ndipo yule msichana akajibu, naye kwa Kiswahili, cha kwao Bukavu: "Bibi, pole sana. Lakini mupira iliingia."

Bibi alimtazama kana kwamba paka amezungumza. "Wewe wasema Kiswahili?"

"Ndiyo, Bibi."

"Kibovu hicho," bibi akasema, lakini uso wake wote ulikuwa umefunguka kama dirisha. "Ulisema uliingia wapi?"

"Kwa goli. Hawa wanakataa. Lakini angalia leso yako."

Bibi akaitazama leso. Doa lilikuwa palepale, ndani kabisa ya nguzo. Akawageukia wale mapacha wa Kivietinamu, akawaonyesha doa kwa kidole, akasema kwa sauti ambayo hata gorofa ya nne ilisikia, "Goli!"

Na hivyo ndivyo bibi yangu alivyokuwa refa.

Kesho yake alishuka na kiti cha jikoni, chupa ya chai na bakuli la mahamri lililofunikwa. Akatundika leso kuukuu golini, moja kila upande, ziwe ushahidi. Sisi hatukuhitaji televisheni kuturudishia picha. Leso ikichafuka ni goli, isipochafuka si goli, mwisho wa maneno. Sheria nyingine alizitunga mwenyewe. Kaka alipojaribu kumweleza habari ya kuotea, alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mtu akifika mbele mapema ni bidii yake. Mwamwonea wivu wa nini?" Ikafutwa siku hiyo. Mtu akimsukuma mdogo kisha akafunga, si goli. Mtu akikaa na mpira peke yake kama urithi wa babake, kisha akafunga, hilo pia si goli. "Hukumpa mwenzio!" bibi alikuwa akipiga kelele, na baada ya wiki chache ungemsikia mvulana wa Kipolandi akimfokea pacha, "Mpe mwenzio! Mpe mwenzio!" kwa lafudhi ya huko kwao.

Ikifika alasiri alikuwa anasimamisha mchezo, anapanda juu kuswali, na amri ilikuwa kwamba mpira ubaki ulipo na kila mtu abaki alipo. Basi tulikaa chini, kila mmoja mahali pake, tunauzunguka ule mpira kama watu wanaosubiri chungu kichemke. Hakuna aliyeugusa. Akirudi anapiga makofi, tunaendelea.

Mimi aliniingiza mwenyewe. Timu moja ilikuwa pungufu, akanielekeza kidole pale ngazini. Jirani mmoja aliyekuwa akipita alinung'unika kitu kuhusu wasichana na mpira, msichana Mkongo akamtafsiria bibi. "Miguu wanayo," bibi akasema, akaendelea kumimina chai. Nikacheza. Nilikuwa mbovu, nakiri bila haya, lakini sikuwahi kukaa nje tena. Tulikuwa wachache, hata asiyejua alihitajika. Na Kiingereza changu cha kwanza kilitoka mdomoni palepale, nacho kilikuwa "Mine!" yaani, wangu!

Sasa, chini kabisa, dirisha lake likiwa karibu na goli la lango, aliishi mzee mmoja wa Kijamaika, peke yake. Hatukumjua. Tulijua tu kwamba dirisha hilo lina mapazia mazito ya kahawia. Siku moja mpira uligonga ukuta wake mara nyingi, mara ghafla mlango ukafunguka, mkono ukatoka, ukachukua mpira, mlango ukafungwa.

Tulikaa pale kama waliofiwa. Bibi aliinuka kitini. Alipanda juu, akarudi na sahani ya mahamri ya moto, akanishika mkono. "Wewe ndiye mkalimani." Nilitaka kufa.

Mzee alifungua akiwa na nguo za kulalia na macho mekundu.

"Mwambie shikamoo," bibi akasema.

"Hawana shikamoo, Bibi."

"Mwambie hivyo hivyo."

Nikamwambia bibi yangu anamsalimu. Akatazama sahani. Akasema, polepole ili nimwelewe, "Mwambie bibi yako mimi huendesha basi usiku kucha. Nikilala mchana, kila mpira wenu unanigonga kichwani."

Nilipotafsiri, bibi akaweka mkono kifuani. "Hee! Maskini. Mwambie pole sana. Mwambie na mwanangu ni mtu wa usiku, najua. Lakini mwambie hawa watoto nikiwafungia ndani watanimaliza."

Mzee akakaribia kucheka. Akala hamri moja akiwa amesimama mlangoni, akatafuna taratibu, akala la pili. Kisha akasema, "Pazia likiwa limefungwa, nimelala. Likifunguka, chezeni mpaka mchoke." Akaturudishia mpira, akabaki na sahani.

Basi tangu siku hiyo, mpita njia angeona ajabu: kundi la watoto wamejipanga ukutani baada ya shule, kimya, wametumbulia macho dirisha moja. Tulinong'ona. Tulikula mahamri bila kutafuna kwa sauti. Pazia likitikisika tu, wote tunasimama. Likifunguka, tulipiga kelele kama timu imechukua kombe, naye mzee alikuwa anatupungia mkono akiwa na kikombe chake.

Halafu ikafika siku ambayo pazia halikufunguka.

Tulingoja. Kaka akasema labda amepewa mapumziko, analala zaidi. Tukangoja tena. Treni zilipita nyuma ya ukuta, moja baada ya nyingine, wafanyakazi wakaanza kurudi na mifuko yao ya sokoni. Bibi alikuwa kwenye kiti chake. Nilimwona ameacha kumimina chai. "Huyu mtu huamka kabla ya alasiri," akasema. "Leo nimeswali, nimerudi, bado." Akaenda mlangoni. "Hodi!" Akagonga. "Hodi, babu! Hodi!" Akaweka sikio mlangoni, akanigeukia na uso ambao sikuwahi kuuona. "Kimbia kamwite mwenye funguo."

Mlinzi wa majengo alikuja akiwa na shaka. Bibi akampiga kofi la begani, fungua! Alipofungua tukamwona mzee sakafuni jikoni, amelala ubavu, anakoroma vibaya. Sukari ilikuwa imemwangusha. Bibi alikaa chini kwenye vigae, akaweka kichwa cha mzee mapajani mwake, akawa anamsemesha Kiswahili mfululizo, habari za Mombasa, habari za bei ya samaki, ilimradi asikie sauti ya mtu. Mama, aliyeamshwa na kelele, alishuka na kanga ya kulalia, akafanya yale wauguzi wanayoyafanya. Gari la wagonjwa likaja. Mmoja wa wale wahudumu alimwambia mama kwamba wangechelewa zaidi, ingekuwa habari nyingine.

Siku zilizofuata hatukucheza. Hakuna aliyetukataza. Tulikwenda ukutani, tukakaa, mpira upo miguuni pa kaka, basi. Hata bibi alileta chai akaimimina bila amri yoyote. Mpaka jioni moja teksi ikasimama langoni, akashuka mzee, amekonda, ana mkongojo na mfuko wa dawa. Akatutazama tulivyopangika.

"Mbona hamchezi?" akauliza.

Msichana Mkongo ndiye aliyejibu. "Pazia halijafunguka."

Yule mzee alisimama. Akatutazama mmoja mmoja, mpaka wale mapacha. Akaingia ndani, na kabla hajavua koti, kabla hata hajafunga mlango, tukaona mapazia yote mawili yanavutwa, upande huu na upande ule, mpaka mwisho.

Ee, ule mpira wa siku hiyo! Mpaka leo kaka anadai alifunga mabao mawili. Alifunga moja. La pili bibi alilikataa.

Mzee hakurudi kwenye mabasi ya usiku. Alileta kiti chake, akakaa upande wa pili wa uwanja, akawa refa msaidizi asiyekubaliana na refa mkuu kwa lolote. Yeye kwa Kiingereza cha Jamaika, bibi kwa Kimvita cha kwao Mombasa, kila mmoja akimwita mwenziwe mjinga, kisha wanagawana hamri. Miaka kadhaa walibishana hivyo, na sidhani kama kuna siku mmoja alielewa mwenzake alisema nini hasa.

Bibi alirudi Mombasa tulipokuwa wakubwa, na amezikwa huko, karibu na dada zake. Mzee alikwenda kwa binti yake Jamaika. Msichana Mkongo ni mkunga, bado yuko Lewisham, bado anakimbia kama anakimbizwa. Kamba za nguo ziling'olewa watu waliponunua mashine za kukausha.

Binti yangu alisikiliza yote hayo ukutani. Halafu akaniuliza, kwa Kiingereza, "Na kocha wenu alikuwa nani?"

"Hatukuwa na kocha."

"Sasa nani aliwachagua?"

Swali hilo nilirudi nalo mpaka Hounslow. Watu wakiulizwa kwa nini watoto hawachezi siku hizi, husema simu, na simu zina lao, sikatai. Wengine husema magari, au uoga wetu wazazi. Lakini mimi naona tumewachukulia watoto mpira tukaufanya wetu. Tukauwekea saa, nauli, majaribio na viti vya watazamaji, kisha tunashangaa wanapoturudishia jezi imekunjwa.

Jumamosi iliyofuata nilifanya jambo la aibu kidogo. Nilitoka nje, nikagonga mlango wa jirani wa kulia. Miaka minne tunaishi ukuta kwa ukuta na sikujua jina la mtoto wake. Mama wa Kisomali akafungua, ana wasiwasi, anadhani labda bomba limepasuka. Nikamuuliza kama mwanawe anaweza kutoka kucheza. "Kucheza wapi?" Nikamwonyesha uchochoro mpana ulio nyuma ya nyumba zetu. Akafikiri. Akaita jina ndani. Nikaenda mlango wa kushoto, kwa Wahindi, nako wakatoka wawili, dada na kaka. Upande wa pili wa barabara akatoka mmoja aliyevaa kandambili.

Walisimama uchochoroni, na binti yangu katikati yao ameshika mpira, wamenitazama mimi. Wamenitazama kama abiria wanaongoja tangazo. Yule wa kandambili akauliza wote wasimame wapi. Rafiki yangu, hapo ndipo nilipoelewa kilichopotea. Uwanja unaweza kujengwa popote. Hawa hawakujua kuanza.

Ulimi uliniwasha. Nilitaka kupanga timu, nilitaka kutaja majina. Badala yake nikawaambia chakula kiko jikoni kwa atakayesikia njaa, nikaingia ndani, nikafunga mlango wa nyuma.

Kimya. Kimya kirefu, ndege mbili zikapita. Nikasikia mpira unadunda mara moja, unaacha. Kisha sauti ya binti yangu, ndogo, halafu ya yule wa Kisomali, halafu wote kwa pamoja, wanagombana nani awe na nani, na goli liwe kati ya pipa gani na pipa gani, na yule wa kandambili anapinga kwa nguvu zote kwamba si haki.

Nikawasha jiko nikapika chai, na kwa muda mrefu sana sikuchungulia dirishani.